Unahamia Logan, Utah? Lijue Kwanza Bonde

Wengi wetu tunaofika Logan, kaskazini mwa Utah, tunaletwa na chuo kikuu cha jimbo au na kazi ya kiwanda cha nyama pale Hyrum. Mji uko mita 1,380 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Arusha, kwa hiyo mwinuko hautakusumbua sana. Jiandae na Januari.

Logan imekaa ndani ya Bonde la Cache, milima ya Bear River mashariki na ya Wellsville magharibi. Theluji ikitanda na upepo ukitulia, hewa baridi hulala chini, na hewa yenye joto huifunika kwa juu. Moshi wa magari na amonia ya mazizi ya ng'ombe hukosa pa kutokea, na hugeuka chembe ndogo zinazopenya hadi mapafuni. Hali hiyo huweza kudumu siku kadhaa. Mwenye pumu asiachane na dawa yake ya kuvuta, na watoto wachezee ndani. Ukichoka na ule ukungu wa kijivu, panda gari uelekee Logan Canyon. Ukifika juu kidogo unakutana na jua na anga safi. Ila usiende na koti la mtumba la Nairobi. Huko juu kuna bonde dogo liitwalo Peter Sinks, ambako Februari 1, 1985 ilipimwa baridi ya nyuzi 56 chini ya sifuri. Mjini haifiki huko, lakini usiku wa nyuzi 10 chini ya sifuri ni wa kawaida. Hewa ni kavu mwaka mzima, ngozi hupasuka, kwa hiyo mafuta ya kujipaka usiyafanyie ubahili. Julai mchana joto hupita nyuzi 30 na mvua ni adimu. Sukuma wiki hustawi ukiimwagilia.

Zamani bonde lote lilikuwa chini ya ziwa Bonneville, na chuo kimejengwa juu ya mchanga na kokoto zilizomwagwa humo na mto Logan. Ndiyo maana kwenda darasani ni kupanda mlima, na asubuhi upepo wa korongo hukuchapa usoni. Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, tembea njia hiyo kwa miguu. Mabasi ya mji hayatozi nauli, ila Jumapili hayapo.

Anwani huhesabiwa kutoka Main Street inapokutana na Center Street. Ukiambiwa 300 East 400 North, nenda vitalu vitatu mashariki na vinne kaskazini. Ni mpangilio wa Wamormoni, waliofika hapa mwaka 1859 kwa maelekezo ya kiongozi wao Brigham Young na kuchimba mifereji ya kumwagilia mashamba. Hekalu lao, lililojengwa kuanzia 1877 hadi 1884, linaonekana ukiwa mbali, lakini haliingiwi na asiye muumini mwenye kibali. Usikereke, ndivyo ilivyo hata kwa hekalu la Nairobi lililofunguliwa 2025. Lile jengo lao kongwe la ibada na mikutano, Tabernacle, pale Main Street, liko wazi kwa wote.

Jirani atakuletea mkate au biskuti wiki ya kwanza, na atakualika kanisani. Kukataa kwa upole kunaruhusiwa, naye ataendelea kukusalimu. Akija kwako, usimwandalie kahawa wala chai ya majani, dini yake inakataza. Chemsha tangawizi na maziwa, atakunywa na kuomba kikombe cha pili. Jumapili maduka mengi hufungwa, na Julai 24 ni sikukuu ya jimbo ya kukumbuka waanzilishi walioingia Utah mwaka 1847.

Kwenye maandamano ya siku hiyo hutasikia sana habari za Washoshone, wenyeji wa bonde hili kabla ya mifereji. Januari 29, 1863 wanajeshi wa Marekani chini ya Patrick Connor waliua mamia yao, wanawake na watoto wakiwemo, kando ya mto Bear karibu na Preston, Idaho. Mwaka 2018 Washoshone walinunua sehemu ya ardhi ile. Ni mwendo mfupi kwa gari. Nenda ukaone, kisha ndipo usome vibao vya waanzilishi mjini.

Kupiga simu nyumbani: majira ya baridi ya Logan, Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 10, kiangazi 9. Saa 2 usiku ya Januari kwako, mama Nairobi anaamka saa 12 asubuhi.

Uwanja wa ndege uko Salt Lake City, saa moja na nusu kwa gari kupitia Sardine Canyon, barabara inayoteleza vibaya theluji ikianguka. Kama ndege ni ya alfajiri, lala huko usiku wa kuamkia safari. Huko utakutana na Wakongo wengi wanaoongea Kiswahili, nao ndio wa kuwauliza unga wa ugali unauzwa duka gani.