Msongo ukikusukuma kwenye sigara, anza na daftari

Kwa miaka 9 nilivuta kila kazi iliponielemea, na kila mwisho wa mwezi niliapa kuacha. Viapo havikunifikisha popote, daftari dogo la mfukoni ndilo lililonifungua macho. Nakusihi uanze nalo, hata kama chako si sigara bali pombe, simu au kula bila njaa.

Kwa wiki moja usijizuie. Kila ukishika sigara, kwanza andika saa, kilichotangulia, na mwili unavyojisikia. Ukurasa wangu mmoja ulisomeka hivi: "Saa 4:20 asubuhi. Mkuu wa kazi kanifokea. Taya zimekaza, mikono baridi."

Nilivuta sigara 14 kwa siku, na zilizotokana na mfadhaiko wa kweli zilikuwa 4 tu. Zilizobaki zilikuja zenyewe, kila baada ya saa moja na kitu, kuwe shwari kusiwe shwari. Nikotini, kilevi kilichomo kwenye sigara, hupungua haraka mwilini. Baada ya saa 2 hivi nusu yake imeshaondoka kwenye damu. Hapo mvutaji huanza kukosa utulivu na kukasirika upesi, naye hudhani ni dhiki za maisha. Sigara inamtuliza kiu iliyoletwa na sigara ya kabla yake. Nilipolielewa hilo nililia, kwa kuwa niliiita rafiki yangu.

Zile 4 zilitaka kazi zaidi. Jiulize: inanipa nini hasa? Mimi ilinipa ruhusa ya kutoka nje, na pumzi ndefu. Nikavibakiza vyote viwili. Toka nje mikono mitupu, vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu hadi 8. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo. Endelea dakika 5; hamu hupanda, hufika kilele, kisha hushuka yenyewe.

Linda na usingizi wako. Kahawa ya saa 10 jioni, nusu ya kafeini yake yaweza kuwa bado mwilini saa 3 usiku, basi isogeze asubuhi. Simu ilale chumba kingine. Pombe huleta usingizi upesi, kisha huukatakata kuanzia usiku wa manane. Ila tafadhali, kama unakunywa sana kila siku, usiikate ghafla peke yako: mwili unaweza kupata degedege, na watu hufa. Mwone daktari kwanza.

Ukirudia kuvuta, fungua daftari uandike kama siku zote, bila kujitukana. Mimi nilirudia mara 3. Nilipozisoma kurasa hizo kwa pamoja, zote zilikuwa siku ambazo sikula mchana. Sasa ikifika saa 7 nafunga faili, nakula.