Kabla hujaliahirisha tena gego la mwisho

Gego la mwisho, wengine huliita jino la hekima, kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25. Si kila mtu lazima ang'olewe. Kama limesimama wima, limetoka lote, linasafishika na halisumbui, liache. Nazungumzia lile lililolala, au lililotoka nusu na nusu nyingine imefunikwa na fizi. Hilo ndilo watu tunaliahirisha mpaka litukute uzeeni.

Piga eksirei ya taya zima. Ile ndogo ya jino moja mara nyingi haitoshi.

Maumivu yakitulia usidhani umepona. Karafuu na maji ya chumvi hutuliza tu. Uchafu uliojificha chini ya fizi bado upo, na utakurudia.

Hesabu umri wako. Ukiwa na miaka ishirini hivi, mizizi haijakomaa na mfupa wa taya haujakaza, kwa hiyo jino hutoka bila taabu kubwa na kidonda hupona upesi. Baadaye mizizi hurefuka, mingine hujipinda kama ndoana, na chini yake unapita mshipa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini na kidevu hisia. Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Nilikuwa na miaka 23 daktari aliponionyesha kwenye picha gego la chini kulia, limelala kabisa, kichwa kimeegemea jirani yake. Akasema tulitoe. Nikasema nimalize mitihani kwanza. Ikaja harusi, wakaja watoto. Kila mwaka fizi ilivimba mara moja au mbili, nikasukutua, ikapita. Nilipofika 44 ikavimba na haikupita. Siku ya tatu kinywa kilifunguka upana wa kidole kimoja tu, binti yangu akawa ananinywesha uji kwa kijiko cha chai, akiupenyeza pembeni mwa meno. Wakati huo nina kisukari, hivyo hata kung'olewa siku ile haikuwezekana: sukari ishuke kwanza, uvimbe utulie. Baada ya wiki mbili ndipo nikakalishwa kwenye kiti, saa moja na nusu. Walipasua fizi, wakachonga mfupa, wakalikata jino vipande vitatu. Gego la jirani, ambalo halijawahi kuniuma hata siku moja, lilikuwa limeoza kwa nyuma. Nalo likatolewa.

Ganzi ya ulimi iliisha jioni ile. Ya mdomo haikuisha. Kesho yake nilikunywa chai, nikashangaa kuona khanga imelowa kifuani. Ilikuwa inachuruzika kidevuni na sikuhisi kitu. Kwa miezi saba nilikula leso ikiwa mkononi, na nilijing'ata mpaka damu bila kujua. Hisia imerudi kiasi. Ncha ya kidevu, upande wa kulia, mpaka leo ni kama ya mtu mwingine. Daktari alinionya kabla ya kunigusa kwamba mzizi umelala juu ya mshipa. Hakukosea yeye. Nilichelewa mimi, miaka 21.

Kwa hiyo uliza mapema: mzizi uko mbali kiasi gani na mshipa? Kama vimegusana, uliza pia kama inawezekana kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi mahali pake.

Taja dawa zote unazotumia, hasa za kisukari, za presha, za kuzuia damu isigande na za kuimarisha mifupa. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Unayepanga kubeba mimba, kaguliwe kabla.

Ukishang'olewa, siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, na sigara weka mbali. Bonge la damu likitoka shimoni, mfupa hubaki wazi, na maumivu yake yanaweza kushinda ya jino lenyewe. Nenda na mtu wa kukurudisha nyumbani. Uji uwe wa vuguvugu.

Na kabla au baada ya yote hayo, homa ikipanda, uvimbe ukashuka chini ya kidevu, kumeza kukawa shida au sauti ikabadilika, usingoje kuche. Uvimbe wa hapo unaweza kuziba njia ya hewa. Nenda hospitali usiku huo huo, hata kama hela bado hujaipata.