Kutafuta vyanzo vya wasifu wa Lewis Hill, mwasisi wa redio ya KPFA

Kabla hujaandika sentensi moja ya wasifu wa Lewis Hill kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili, pata vyanzo viwili au vitatu vya watu wasiofungamana naye: kitabu cha mwanahistoria, tasnifu, gazeti la wakati ule. Tovuti za KPFA na Pacifica, taasisi aliyoiasisi mwaka 1946, zinasaidia kwa majina na tarehe, lakini haziwezi kuwa shahidi wa umuhimu wake. Makala inayozitegemea hizo peke yake huwekewa alama ya kufutwa, na ni haki.

Chora jedwali la safu tatu: dai, chanzo pamoja na namba ya ukurasa, na uzito wa chanzo. Dai moja, mstari mmoja. KPFA kuanza kurusha matangazo mjini Berkeley, California, tarehe 15 Aprili 1949 ni mstari. Kuzimika mwaka 1950 kwa ukata na kurudi hewani 1951 ni mstari mwingine. Tanbihi moja ikipachikwa mwisho wa aya, msomaji huifungua akakuta inabeba sentensi moja kati ya nne. Hapo ndipo makala nyingi huharibika.

Folio, jarida la ratiba walilotumiwa wasikilizaji waliochangia, linasomeka kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Ni hazina kweli, ila lilichapwa kabla vipindi havijaruka. Likionyesha Hill ana hotuba Jumapili saa mbili usiku (kwa saa zao ni 8:00, usisahau kugeuza), umethibitisha kilichopangwa tu. Andika "ratiba ilimpangia kuzungumza", si "alizungumza", mpaka upate kanda yenyewe au gazeti la baada ya siku hiyo. Mambo ya leseni yatafute katika kadi za historia za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Zimejaa vifupisho na mihuri, kwa hiyo soma polepole: tarehe ya kibali cha ujenzi si tarehe ya leseni, na hakuna kati ya hizo inayothibitisha siku ya kwanza hewani.

Neno "wa kwanza" ndilo la kuogopa zaidi. Vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa na redio zisizo za biashara tangu miaka ya 1920. Dai linaloweza kutetewa ni kwamba KPFA ilikuwa ya kwanza nchini humo kuendeshwa kwa michango ya wasikilizaji. Vilevile, Hill alifariki Agosti 1957. KPFK ya Los Angeles ilianza 1959, na WBAI ya New York ikaingia Pacifica 1960. Usimpe sifa ya kuvianzisha vituo hivyo.

Vyanzo vikigongana, taja vyote viwili ndani ya makala na ueleze tofauti kwenye ukurasa wa majadiliano. Kila kiungo kihifadhi kwenye Wayback Machine, huduma inayotunza nakala za kurasa za tovuti, siku ileile unayokitumia, kwa sababu tovuti za redio hubadilishwa mara kwa mara na kurasa za zamani hupotea.