Kuunda modeli ndogo ya kuchakaa kwa miamba na mzunguko wa kaboni

Volkano hutoa hewaukaa, miamba huila. Mizani hiyo unaweza kuiandika kwa mistari ishirini ya programu, Python au hata jedwali la hesabu.

1. Tenga miamba inayohesabika. Maji ya mvua yakichukua hewaukaa huwa tindikali hafifu na kuyeyusha madini. Kwenye silikati (madini yenye silikoni na oksijeni), kila moli 1 (kipimo cha idadi ya chembe) ya kalsiamu hula moli 2 za hewaukaa. Kalsiamu hiyo ikigeuka kaboneti (madini kama ya mawe ya chokaa) baharini, moli 1 hurudi. Kinachobaki kimefungwa ni moli 1. Mawe ya chokaa hula moli 1 na kuirudisha hiyohiyo, kwa hiyo katika kipimo cha mamilioni ya miaka yaache nje. Ukiyajumlisha, modeli itaishusha hewaukaa ya anga kupita kiasi.

2. Weka namba za kuanzia.
C0 = 3.2×10^18 moli (kaboni ya bahari na anga)
V = W0 = 8×10^12 moli kwa mwaka (V ni hewaukaa inayotolewa na volkano, W0 ni inayoliwa na miamba mwanzoni)
p0 = sehemu 280 kwa milioni (hewaukaa ya anga mwanzoni)

Makadirio ya volkano yanatofautiana, ila 8 ni pa kuanzia pazuri. Tumia moli kila mahali. Tani ya kaboni na tani ya hewaukaa zinapishana mara 3.67, na kosa hilo halionekani kwenye grafu.

3. Andika milinganyo.
r = (C/C0)^2
dT = 3 × ln(r)/ln(2)
W = W0 × f × r^0.3 × exp(dT/13.7)
C = C + (V − W) × dt

C ni kaboni ya wakati huo, W ni hewaukaa inayoliwa na miamba kwa mwaka, dT ni badiliko la joto, na dt ni urefu wa hatua moja kwa miaka. Hiyo r ni hewaukaa ya anga ikilinganishwa na p0. Kipeo cha 2 ni makadirio ya kemia ya bahari. Namba 0.3 na 13.7 zinatokana na kazi ya wanasayansi Walker, Hays na Kasting ya mwaka 1981. Namba 3 ni nyuzi joto zinazoongezeka kila hewaukaa inapozidi maradufu. Anza na f = 1; maana yake iko hatua ya 6.

4. Endesha bila kugusa kitu. Kwa dt = 1,000, C isisogee hata kidogo. Ikisogea, V na W0 hazilingani. Usiendelee kabla ya kurekebisha.

5. Sasa zidisha V mara mbili. Baada ya miaka milioni 2 hivi, r itatulia karibu na 3.08, yaani sehemu 860 kwa milioni, na joto litapanda nyuzi 4.9. Muda wa modeli kurudi kwenye mizani ni kama miaka 300,000, na hapo ndipo dt inapowaponza wengi. Jaribu dt = 1,000,000: hatua ya kwanza inaipeleka C kwenye 11.2×10^18, W inaruka hadi karibu 37×10^12, na hatua ya pili inaishusha C chini ya sifuri. Programu haikwami, kwa kuwa kipeo cha 2 kinaifanya r ibaki chanya, ila C iliyo chini ya sifuri haina maana na majibu yote yanayofuata ni ya uongo. Tatizo si milinganyo. Punguza dt.

6. Badilisha f. Hii ni wepesi wa ardhi kuchakaa: milima mipya, basalti (mwamba wa volkano) nyingi, mvua nyingi. Rudisha V ya mwanzo, weka f = 2. Wengi hutarajia W ibaki juu. Haibaki. Inaruka, kisha inashuka hadi ilingane na V, na kilichobadilika ni hewaukaa: takriban sehemu 91 kwa milioni. Ichore W na r pamoja, uitazame kwa makini, maana hapa ndipo kiini cha modeli nzima: kwa muda mrefu volkano ndizo zinazopanga kasi ya kuchakaa, miamba inapanga kiwango cha hewaukaa.

7. Weka dari. Kwenye ardhi tambarare yenye udongo mzito, madini mabichi huisha, na joto haliongezi kitu hadi mmomonyoko ulete mengine. Andika W = min(W, Wmax). V ikizidi Wmax, C itapanda bila kutulia. Usitafute hitilafu kwenye programu, ongeza Wmax au punguza V.