Somo: Jukwaa la ujenzi huanzia chini ya nguzo

Kabla hujashusha mabomba ya jukwaa, tembea pale nguzo zitakaposimama. Kanyaga kwa kisigino, choma kwa nondo. Ikizama kwa mkono tu, hapo hapajawa tayari. Ogopa zaidi kifusi kilichojaziwa kando ya msingi mpya: juu kimekauka, chini hakijashindiliwa. Tafuta pia chemba, mashimo na mitaro iliyofunikwa.

Hatua ya 1. Ondoa udongo wa juu wenye majani, sawazisha, shindilia. Kwenye mteremko kata ngazi. Usilaze mbao za kitako, zile zinazokaa ardhini chini ya nguzo, kwa kufuata mteremko.

Hatua ya 2. Laza mbao za kitako. Hapa ndipo wengi hubania. Chukua mfano: nguzo imebeba tani 2. Bamba la chuma linalokaa chini ya nguzo, la sentimita 15 kwa 15, lina sentimita za mraba 225, kwa hiyo kila moja inabeba karibu kilo 9. Ubao wa sentimita 22.5 kwa 75 unashusha mzigo huo hadi kilo 1.2 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Ila ubao mwembamba hupinda, na kazi yote inarudi kwenye kipande cha katikati. Tumia mzito, usio na nyufa wala uozo, ulale wote ardhini bila uwazi chini yake.

Hatua ya 3. Weka bamba katikati ya ubao, lipigilie misumari lisihame, kisha simamisha nguzo juu yake.

Hatua ya 4. Sawazisha kwa jeki ya skrubu, usipite alama ya mtengenezaji. Pima kwa pimamaji na timazi, halafu ndipo upande juu.

Maswali ya wanachama

*Fundi, mbao zimeisha. Tofali mbili hazifai?*
Hazifai. Tofali hupasuka ghafla bila kukuonya, na zikipangwa huteleza.

*Kwenye sakafu ya zege je?*
Zege nene, zima, halihitaji ubao, lakini bamba libaki. Jua kwanza chini ya zege kuna nini. Vifuniko vya chemba si zege.

*Mvua imenyesha usiku, nguzo moja imezama sentimita 2. Nikaze jeki tuendelee?*
Usikaze. Teremsha watu wote, zuia njia ya kupandia. Nguzo jirani zimeshabeba mzigo wa hiyo, na ukikaza jeki hujaondoa maji yaliyolainisha udongo. Pakua vifaa, elekeza maji kwingine, na asipande mtu hadi mwenye ujuzi akague viungo vyote.