Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufungua Sinthesaiza Kuukuu

Sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme kinachounda sauti zake chenyewe, kikizima, wengi hukimbilia kulaumu chipu. Mara nyingi ubaya uko kwenye umeme, betri au viunganishi, na vyote hivyo hupimika nyumbani kabla hujashika chuma cha kulehemu.

Soma kwanza kibandiko cha mgongoni. Stima yetu ya Kenya ni volti 240, lakini kinanda kilichotengenezewa soko la Japani kinataka volti 100, na cha Marekani 117 au 120. Kukichomeka ukutani moja kwa moja ni kukichoma. Tafuta transfoma ya kushusha umeme inayotoa volti zile zile zilizoandikwa. Ya 110 kwa kinanda cha 100 itafanya kazi, ila ndani patakuwa na joto lisilohitajika, na kwa hali ya hewa ya Mombasa joto tunalo la kutosha.

Vifaa vya kuwa navyo mezani: bisibisi za msalaba namba 1 na 2, multimita (kipima umeme), chuma cha kulehemu cha wati 40 chenye ncha nyembamba, risasi ya kulehemu ya 60/40 (bati kwa risasi) ya milimita 0.8, pampu ya kunyonyea risasi, mswaki laini, na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Spiriti ya rangi iache, kwa kuwa huacha utando. Mafuta ya kulainishia kufuli nayo si dawa ya swichi, hukusanya vumbi.

Sauti zihifadhi mapema. Yamaha DX7, ya mwaka 1983, ina sauti 32 zinazoshikiliwa na betri ya volti 3 iliyolehemewa kwenye bodi ya saketi. Ukiing'oa, zimekwenda. Zihamishie kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI (wa kuunganishia vinanda na kompyuta), kisha ufunge kishikio cha betri ili betri ijayo ibadilishwe bila kulehemu.

Korg Polysix, ya mwaka 1981, ina hatari zaidi, na hapa usiwe na haraka. Betri yake ya nikeli-kadimi ya volti 3.6 huvuja, na uvujaji ule ni wa magadi: hutambaa juu ya bodi na kula njia za shaba. Ukiona ukijani, usikiwashe. Ng'oa betri, sugua kwa siki nyeupe kidogo, ondoa siki kwa maji safi, malizia na alkoholi, kisha acha pakauke kabisa. Pima kila njia kwa mlio wa multimita. Iliyokatika irukie kwa waya mwembamba. Siki ikibaki, nayo itaanza kula.

Sasa fungua, plagi ikiwa nje. Sehemu ya kuua ni ile kati ya plagi na transfoma. Isiguswe kukiwa na umeme. Piga picha ya kila kiunganishi, kisha kichomoe na kukirudisha mara mbili tatu. Chumvi ya upepo wa bahari hujenga kutu nyembamba kwenye pini, na kwa nyumba za Mji wa Kale au Nyali hatua hii peke yake huenda ikafufua kinanda.

Fyuzi iliyokatika ikiwa na kioo cheusi ina maana kuna shoti. Usiweke kubwa zaidi. Unganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfululizo upande wa volti 240 (ya LED haifai): ikiwaka sana bila kufifia, shoti bado ipo. Ikififia, itoe balbu ndipo upime volti za ndani, kwa kawaida +5, +15 na −15. Ukisikia muungurumo mzito, kapasita za kichujio, zile zinazolainisha umeme, zimekauka. Nunua zenye maikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi, za nyuzi joto 105, na mstari wa pembeni uelekee upande wa hasi. Ukizigeuza, hupasuka.

Noti zinazopiga kwa kusitasita husafishwa chini ya raba za vibonye kwa alkoholi.

Chipu ziwe za mwisho. Roland Juno-106 ina chipu sita za sauti, 80017A, zinazojulikana kwa kufa. Washa kinanda huku umebonyeza kitufe cha KEY TRANSPOSE. Kila noti itaonyesha kwenye kioo namba ya sauti inayopiga, nawe utajua ni chipu ipi ya kuagiza kabla hujalipa za sita zote.