Kutafsiri "wear" kwa Kijapani: tazama kwanza kinachovaliwa

Kamusi nyingi hukupa kiru (着る) mwanzoni, na hapo ndipo watu huteleza. Kiru ni ya vazi la juu au la mwili mzima: shati, koti, suti, kimono. Kinachopitia miguuni ni haku, kuanzia suruali na sketi hadi soksi na viatu. Kofia na helmeti ni kaburu, miwani, kakeru. Saa, pete, tai na barakoa zote zinakubali suru, kwa hiyo ukikwama kwenye vitu vidogo vidogo, shika hiyo.

Kosa linaloumbua zaidi liko kwenye mnyambuliko. "Amevaa koti" ni kōto o kite iru. Ukiandika kimasu, Mjapani ataelewa kwamba koti litavaliwa baadaye, au kwamba huvaliwa kila siku. Na ukikaza t, ikawa kitte iru, umeshahamia kwenye kiru nyingine (切る), ya kukata: sasa koti linapigwa mkasi!

"Wear" ya kuchakaa, kama soli ya kiatu inapolika, haimo humo kabisa. Hiyo ni suriheru.